Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Mgonjwa wa kifua asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya kufundishwa kupumua

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka Kibosho. Nakuandikia kuhusu wagonjwa wa kifua, hasa waliopona TB wakabaki na makovu kwenye mapafu, na mama zetu waliovuta moshi wa kuni jikoni tangu usichana. Mkoa wetu unawajua vizuri. Hospitali ya Kibong'oto inatibu vifua tangu 1926, na wachimbaji wa migodi ya tanzanite ya Mirerani wanaendelea kurudi nyumbani na vumbi la mwamba kifuani. Baba yangu ni mmoja wao.

Alipolazwa, hospitali ambayo sitaitaja ilimruhusu na mfuko wa dawa, pampu ya kuvuta dawa na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyemweleza afanye nini pumzi ikimkatikia saa nane usiku. Ndugu wengi hukimbilia kumlaza mgonjwa chali, na kulala chali ndiko kunakomzidishia.

Kliniki iliyofuata, muuguzi mmoja alimkalisha kwenye kiti, akamwinamisha mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja. "Baba, funga mdomo, vuta kwa pua, moja, mbili. Sasa kunja midomo kama unapoza chai, toa taratibu, moja mpaka nne." Akamwekea mkono tumboni ahisi linavyoinuka. Halafu akasema, "Haya baba, sasa nifundishe mimi." Mzee akamfundisha, huku mabega yakishuka.

Zoezi hilo lina maana yake. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii vijia vya hewa huziba mapema wanapotoa pumzi. Hewa ya zamani hunasa ndani, mpya ikakosa pa kuingia. Midomo iliyokunjwa huleta msukumo mdogo unaoviacha vijia wazi kwa muda zaidi. Huku kwetu kwenye miinuko kuna la ziada: mtu avute pumzi akiwa amesimama, kisha apande huku akiitoa. Baba sasa anafika kihambani, shambani kwake, kwa njia hiyo, anapumzika, anaendelea.

Bila shaka zoezi halichukui nafasi ya pampu wala oksijeni. Anayeshindwa kumaliza sentensi, au midomo yake imebadilika rangi, akimbizwe hospitali. Hilo nalo lifundishwe palepale.

Utaambiwa hii ni kazi ya watu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Kweli, wao ndio wenye utaalamu, na mgonjwa mwenye makohozi mengi anawahitaji. Lakini anayekesha na mgonjwa wodini ni muuguzi. Anamgeuza, anampa dawa, anamsikia anavyokoroma. Natambua pia jinsi zamu zilivyo nzito, muuguzi mmoja akihudumia wodi iliyojaa. Ndiyo maana nisingependa jambo hili liachwe kwenye moyo mwema wa muuguzi mmoja mmoja, kama tulivyobahatika sisi.

Naomba fomu ya ruhusa ya kila mgonjwa wa kifua iwe na mstari mmoja: amefundishwa kupumua, na ameonyesha mwenyewe, pamoja na ndugu atakayemuuguza nyumbani. Muuguzi aweke sahihi. Bango ukutani halitoshi; wazee wengi hawasomi, na pumzi hujifunzwa kwa kuiga.

Tuanze na wodi za Mawenzi, hospitali yetu ya mkoa, kabla baridi ya Juni haijaingia.

Wako,
Mkazi wa Kibosho, Moshi