Baba, Si Dini Wala Si Ujamaa wa Kuswagwa

Baba, shikamoo. Mama naye shikamoo yake, na shangazi mfikishie, ingawa ndiye aliyewasha moto kwenye kundi la familia kwa kusema tumeingia dini ya watu wa porini wanaosubiri mwisho wa dunia. Nilianza kujibu kwa sauti nikaona inageuka hotuba, na mtandao wa huko unakatika katikati ya neno. Mtu anasikia "tumeuza", hasikii tumeuza nini. Tumeuza makochi na gari la pili. Basi.

Mambo yako hivi. Shule zikifungwa mwezi wa sita tunahama Charlotte, tunapanda milimani, kaunti ya Yancey, humu humu jimbo la North Carolina. Mlima wao mkubwa unaitwa Mitchell, una mita 2,037, na wanajivunia kwamba mashariki yote ya mto Mississippi hakuna unaouzidi. Usicheke. Najua hapo kwetu Marangu ukifika mita 2,000 ndiyo kwanza umevuka geti la hifadhi, jasho halijatoka.

Umeuliza tunakimbia nini. Hakuna anayetufukuza. Tumechoka kuishi ndani ya gari, tumechoka kulipa pango linalopanda kila mwaka, na tumechoka kuona watoto wanarudi shule wamekodolea kioo kutwa nzima. Mkweo na mimi tunataka watoto wanaojua kupanda maharage na kupasua kuni, wanaokaa kikaoni na wakubwa na kusikilizwa, wasioshika simu mapema, wasiopangwa wa kwanza na wa mwisho wakiwa na miaka saba. Majirani wa hapa wanatuona tumechanganyikiwa kuacha mji. Wewe nawe utasema hayo ni maisha ya kijijini tu, nimeyakimbia kwa nauli uliyoikopa, sasa nalipa nauli nyingine kuyarudia. Ni kweli, na deni la nauli ya kwanza bado nalikumbuka.

Mwanzoni tulitazama Floyd, kule Virginia. Kaunti nzima ina taa moja ya kuongoza magari. Ijumaa jioni watu wanajaa dukani kupiga fidla na banjo (ambayo asili yake ni watu weusi waliosombwa kutoka Afrika Magharibi, ingawa wanaoipiga kule karibu wote ni wazungu). Vijana waliokimbia miji miaka ya 1970 walinunua mashamba wakabaki, na mpaka leo unakuta mfinyanzi, mkunga, mwoka mikate, kila mtu na falsafa yake. Nilipapenda sana. Lakini kule ardhi inauzwa kama kwingine kote: mwenye shamba akichoka, shamba linanunuliwa na mtu wa mjini anayekuja kupumzika wiki mbili kwa mwaka. Jirani uliyemfuata ameondoka, umebaki na madirisha yaliyofungwa. Tukaona maneno mazuri bila utaratibu wa ardhi hayakai.

Ndipo tukafika bonde la mto South Toe, chini ya huo Mitchell. Pale kuna jumuiya inaitwa Celo. Ilianza 1937, miaka ya ukosefu wa kazi Marekani. Mwenye wazo alikuwa mhandisi Arthur Morgan, mwenyekiti wa kwanza wa TVA, shirika la serikali lililojenga mabwawa ya bonde la Tennessee. Fedha za ardhi alitoa mfanyabiashara wa Chicago, William Regnery. Miaka ya mwanzo ilisuasua, watu wakija na kuondoka. Waliokuja kuisimamisha hasa ni wa wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, wengi wao Waquaker, Wakristo wanaopinga vita, na watu waliokataa kushika bunduki. Leo wana zaidi ya eka 1,000, sehemu kubwa ni msitu.

Utaratibu wao ndio ulionivuta. Ardhi ni ya jumuiya, hakuna hati ya mtu binafsi. Mwanachama anapewa sehemu ya kushika, anajenga na kulima, anaweza kukaa maisha yake yote. Akiondoka hamuuzii amtakaye kwa bei aitakayo. Anayechukua lazima awe amekubaliwa na wenzake. Hakuna jiko la pamoja wala mfuko mmoja, kila mtu na kazi yake na pesa yake. Mambo makubwa yanajadiliwa mpaka wote waridhike, hakuna cha wengi wape, na urefu wa vikao unaweza kuukadiria mwenyewe. Wala huingii kwa kulipa kiingilio: kuna kipindi cha majaribio, wanakutazama nawe unawatazama. Sisi hata huko hatujafika. Tumepanga nyumba jirani, nje ya mpaka wao. Bondeni wamejaa watu wa mwelekeo huo huo ambao si wanachama, na tutakaa hivyo kwanza.

Hapa najua umeshakunja uso. Ujamaa! Ulikuwa mwalimu kijana Dodoma, ukaona malori yakishusha watu na vyungu vyao kwenye uwanda usio na maji, na wengine wakisimulia jinsi nyumba zao zilivyotiwa moto nyuma yao ili wasirudi. Umetusimulia Operesheni Vijiji mpaka tukaiota. Lakini ni wewe huyo huyo uliyenisimulia habari za Litowa, kule Ruvuma: watu waliojikusanya kwa hiari yao tangu 1960, wakalima pamoja, wakaanzisha shule yao, mpaka 1969 TANU ikakivunja chama chao, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Ulisema wale walikuwa wameingia kwa miguu yao na kutoka waliweza, na kwamba hilo ndilo lililowatia hofu wakubwa. Basi nipimie hawa kwa kipimo hicho hicho.

Jambo lingine naliandika kwa heshima. Kihamba chetu, shamba la ukoo, kitakwenda kwa kitinda mimba pamoja na nyumba, na kaka ameshapewa kile kipande cha juu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa, lakini tunajua wote wawili ukoo unasemaje, na mimi sijaja kugombana na mdogo wangu. Nilichobaki nacho ni malezi. Nimekua nikijua kwamba ardhi huipeleki sokoni ukiamka vibaya, kwamba ukoo lazima ukae, kwamba babu amelala pale kwenye mimea ya masale na huwezi kumuuza. Nimetembea nchi hii miaka yote hii sikuona watu wanaofikiri hivyo, mpaka bonde hili. Tofauti ni kwamba hapa mwanamke anakubaliwa kwa nafsi yake, si kwa ubavu wa mumewe. Nisamehe, lakini hilo lilinigusa kuliko mandhari yote.

Hata wale wenyeji ambao hawana habari na falsafa za Celo, wakulima ambao babu zao walitoka Scotland na Ireland wakaishika milima hii Wacherokee, watu wa asili wa hapa, waliposukumwa, nao wanazika nyumbani. Unapita barabarani unaona juu ya kilima mawe matano sita, uzio mdogo, majina yale yale yaliyoandikwa kwenye masanduku ya barua hapo chini.

Nyumba yenyewe nilianza kuikagua kwa maji, kabla ya paa na kabla ya pango. Inatumia chemchemi iliyo juu msituni, pamoja na nyumba nyingine mbili. Nilipanda na mama mmoja jirani, mzee wa rika la Mama, akiwa na fimbo na buti za mpira. Kuna kisima kidogo cha zege chenye mfuniko, wavu mwembamba mdomoni, na bomba jeusi lililofukiwa chini sana ili maji yasigande kipupwe. Pembeni pana kibanda kama cha kuku, ndani limening'inizwa daftari kwa kamba, na penseli. Kila anayesafisha wavu anaandika tarehe na alichokikuta. "Majani." "Majani." "Salamanda mmoja, nimemrudisha." (Ni mnyama kama mjusi.) "Majani, na wavu umeanza kuoza, nitaleta mpya." Mstari unaofuata, mwandiko ule ule: "Nimeleta." Nilisoma kurasa nyingi nimesimama, yule mama akanishangaa. Umekuwa mzee wa mfongo, mfereji wetu wa maji, Baba, umeamua kesi za watu waliozibiana maji usiku. Nadhani ungelisoma daftari lile kunishinda mimi. Niliporudi kwenye gari nilimwambia mkweo, ni hapa.

Nisifiche upande wa pili. Maji hayo hayo yameua. Tarehe 27 Septemba 2024 kimbunga Helene kilipita. Busick, hapo kwenye kichwa cha bonde hili, ilipata zaidi ya milimita 750 za mvua kwa siku chache. Mto uliondoka na nyumba, madaraja na vipande vizima vya barabara, na North Carolina peke yake ilizika zaidi ya watu 100. Kuna makorongo yaliyofikiwa kwa nyumbu wa kufugwa (wale chotara wa punda na farasi) waliobebeshwa chakula na dawa. Mji wa Asheville, wenye mahoteli yote yale, ulikaa karibu miezi miwili bila maji ya kunywa bombani. Kwa hiyo niliuliza matope yalifika wapi kabla sijauliza kodi ni kiasi gani. Walinionyesha: mstari wa kahawia kwenye magogo ya miti, mbali chini ya nyumba yetu. Barabara bado ina viraka, na likija lingine kama lile tutakatika na dunia, hilo nalijua.

Mama ameuliza swali ambalo wengine mmeona aibu kuuliza: weusi wako wangapi? Wachache mno. Unaweza kwenda dukani wiki nzima usikutane na mmoja. Na historia nimeisoma. Mwaka 1923, Spruce Pine, kaunti ya jirani, kundi la wazungu lilikusanya vibarua weusi likawafukuza mji, mpaka gavana akatuma askari. Burnsville, makao makuu ya kaunti yetu mpya, hakukuwa na sekondari ya watoto weusi, na baadaye walikuwa wakibebwa kwenda kusoma Asheville, karibu kilomita 60, wakati shule za wazungu zilikuwa hapo mlangoni. Wazazi wao walikwenda mahakamani, na 1960 jaji wa shirikisho akawapa haki. Watu wachache, mji mdogo, kila mtu anakujua unapofanya kazi, na bado walishtaki. Nimewaambia watoto habari zao ili wasidhani wao ndio weusi wa kwanza kukanyaga pale. Lakini sijui mkubwa atajisikiaje akiwa peke yake kwenye picha ya darasa, na hili ndilo linalonikosesha usingizi, si dubu kama anavyodhani shangazi. (Dubu wapo. Wanataka takataka zetu, si sisi.)

Mkubwa tunamwombea nafasi Shule ya Arthur Morgan, iliyoanzishwa 1962, darasa la saba hadi la tisa tu. Wanafunzi wanapika, wanapasua kuni, wanakaa vikaoni na walimu. Ada yake si ya mchezo, tumeomba kupunguziwa. Mdogo atasomea nyumbani. Usishtuke, jimbo linaruhusu: mzazi anaandikisha nyumba yake kama shule, anafundisha miezi tisa, anatunza mahudhurio, na kila mwaka mtoto anafanya mtihani unaotambulika kitaifa.

Dini: hakuna anayelazimishwa. Waquaker wana nyumba yao ya ibada, na wale ndugu zao wa Kenya, Marafiki wa Kaimosi, wangeona ajabu, maana hapa wanakaa kimya saa nzima mpaka mtu aguswe kusema. Nilikaa nao. Kwa Mlutheri wa Marangu aliyezoea kwaya nne na mnada wa mavuno, ni kazi. Tutatafuta kanisa letu.

Hospitali ya karibu ilifunga wodi ya wazazi 2017, anayejifungua anashushwa Asheville. Mama, jibu lako ndilo hilo, na ndiyo, tumeshafunga hesabu ya watoto. Kazi yangu ya uhasibu naifanya kwa intaneti, imefika mpaka nyumbani kwa waya. Mkweo ana useremala, na kazi za kujenga upya bado ni nyingi. Ada ya kitinda mimba itaingia tarehe ile ile, asije akatumia kuhama kwetu kama kisingizio cha kuacha chuo.

Sasa ombi, Baba. Huyo wa kusomea nyumbani Kiswahili chake ni cha kuombea maji na chakula tu. Nataka uwe mwalimu wake. Jumamosi saa moja jioni ya kwenu ni saa sita mchana kwetu, mkiwa mmeshakunywa chai na sisi hatujala. Nusu saa inatosha. Kitabu chagua wewe, ila usimwanzishie na ngeli, na ukimuuliza jambo akakujibu "kwa nini?", usikasirike, ndivyo tulivyomlea. Nijibu kabla ya mwezi wa sita ili nimwandikie kwenye ratiba, maana safu ya mwalimu kwenye fomu yangu bado iko wazi.

Wasalimie wote, na shangazi mpe barua aisome mwenyewe mpaka mwisho.

Binti yako