Mpira wa kunyonyea mafuta ya kula ukaguliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kitu ambacho hapa Lindi tunakiona kila siku sokoni bila kukitilia maanani, nacho ni ule mpira laini unaopitisha mafuta ya kula kutoka kwenye pipa hadi kwenye dumu la mteja.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua lita tano za mafuta ya ufuta katika duka nililolizoea. Kijana wa dukani aliutumbukiza mpira ndani ya pipa, akanyonya ncha ya pili kwa mdomo mpaka mafuta yakaanza kushuka, kisha akauelekeza kwenye dumu langu. Mpira ule bila shaka ulinunuliwa ukiwa mweupe na unaopindika utakavyo. Sasa umekuwa wa manjano, umekakamaa, na alipoukunja ulilia kama kijiti kikavu. Nilipomuuliza una muda gani, alinijibu, "Huu wa msimu wa juzi, mwalimu, lakini bado mzima." Nilifundisha kemia sekondari kwa miaka mingi, kwa hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza ule ulaini umekwenda wapi.

Mipira ya aina hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, ambayo kwa asili yake ni ngumu. Ili ipindike, kiwandani huchanganywa na kimiminika cha kuilainisha, na vilainishi vilivyotumika zaidi kwa miongo mingi ni vya jamii ya thaleti, hasa kile kinachoitwa kwa kifupi DEHP. Kilainishi kinaweza kufika robo au hata theluthi ya uzito wa mpira mzima. Hakijafungamana kikemia na plastiki yenyewe, bali kimekaa ndani yake kama maji katika udongo wa mfinyanzi: yakitoka, udongo hukakamaa. Joto huharakisha kutoka kwake, na mafuta huharakisha zaidi, kwa sababu thaleti huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Sehemu ya ulaini wa mpira ule, basi, imekwishaingia kwenye masufuria yetu.

Ubaya wa thaleti uko hasa katika uzazi. DEHP na baadhi ya ndugu zake hupunguza utengenezaji wa testosteroni, yaani homoni ya kiume, katika korodani za mtoto aliye tumboni. Kwa panya jambo hili limethibitika: majike wenye mimba waliolishwa kemikali hizo kwa wingi walizaa madume ambao korodani zao hazikushuka, au tundu la mkojo halikuwa mahali pake. Kwa binadamu hatuwezi kufanya jaribio la namna hiyo, ila mwaka 2005 Shanna Swan na wenzake nchini Marekani walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa akina mama wajawazito na baadaye kuwapima watoto wao wa kiume 85. Mama aliyekuwa na mabaki mengi zaidi ya thaleti, mwanawe alielekea kuwa na nafasi fupi zaidi kati ya njia ya haja kubwa na uume, kipimo kinachoonyesha namna homoni ya kiume ilivyofanya kazi kabla ya kuzaliwa. Kipindi cha hatari zaidi hudhaniwa kuwa kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya ujauzito, wakati ambao akina mama wengi wa kwetu hawajafika kliniki hata mara moja. Kwa wanaume watu wazima, tafiti kadhaa zimehusisha thaleti na kudhoofika kwa mbegu, ingawa matokeo hayalingani kote. (Nyumba ikikosa mtoto huku kwetu, mke ndiye hutangulizwa kwa mganga, mume hulindwa na heshima yake.)

Sisemi haya ili kuunga mkono ujumbe unaozunguka kwenye WhatsApp kwamba kila mfuko wa plastiki unamaliza nguvu za kiume. Mfuko wa kawaida ni wa polithini, ambayo kwa kawaida haihitaji vilainishi hivi kabisa. Kufunikia wali wa moto kwa mfuko wa nailoni ni tabia mbaya kwa sababu nyingine, lakini tukichanganya mambo tutahangaika na mfuko na kuuacha mpira.

Wenzetu wamekwishachukua hatua. Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizuia PVC yenye DEHP kwenye vyombo vinavyogusa vyakula vyenye mafuta. Umoja wa Ulaya ulianza na vitu vya watoto, ukaweka ukomo wa asilimia 0.1, na mwaka 2020 ukaupeleka ukomo huo kwenye bidhaa nyingine nyingi za matumizi ya kawaida.

Kwetu, Shirika la Viwango Tanzania ndilo lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, na halmashauri zina maafisa afya wanaopita madukani kukagua choo na vyeti vya wauzaji. Ninaloomba ni dogo: mpira wa mafuta uingizwe katika ukaguzi huo kama chombo cha chakula, na kabla ya msimu ujao wa ufuta, ambao mkoa wetu ni miongoni mwa inayoongoza nchini, wenye mashine za kukamua na wauza mafuta waelekezwe kutumia koki ya chuma kwenye pipa, au pampu ya mkono ya chuma. Gharama hiyo haimfilisi mtu. Faida yake haichelewi pia, maana mwili hutoa sehemu kubwa ya thaleti kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili, mradi usiongezewe nyingine kila mlo.

Mimi kwa sasa huenda dukani na kata ya chuma na faneli yangu ya bati. Mara ya kwanza yule kijana alicheka, kisha akachota.

Mwalimu mstaafu,
Lindi