Siku moja na nusu "kuandika majina manne"

Mwezi uliopita mteja mmoja alitupigia simu akidai tumemwibia. Kwenye ankara tuliandika "mpangilio wa fayawoli, siku moja na nusu". Fayawoli ni mlinzi wa mtandao: huamua kifaa gani kifike wapi. Mwanawe alipofungua ukurasa wa usimamizi akakuta majina tu: Ofisi, Wageni, Kamera, Seva. "Siku moja na nusu kwa majina manne?" Si wa kwanza kuuliza, kwa hiyo tunawajibu wote hapa.

Kazi huanza kabla hatujagusa kibodi. Tunazunguka jengo zima tukiandika kila kilichochomekwa kwenye swichi ya mtandao. Printa iliyopewa anwani ya mtandao kwa mkono zamani, na nenosiri lake halikumbukwi na mtu, hutula saa mbili peke yake. Halafu kila jamii ya vifaa inapata sabneti yake, yaani kipande chake cha mtandao chenye anwani zake. Hatutumii 192.168.1.0, maana ruta nyingi za nyumbani zinatoka kiwandani na namba hiyo hiyo, na siku bosi anapotaka kuingia ofisini kwa VPN (njia ya siri ya kufikia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) akiwa sebuleni kwake, namba zinagongana. Mwisho sabneti zinaingia kwenye makundi, ili kanuni ya fayawoli isomeke "Wageni wasifike Seva" na fundi atakayekuja baada yetu asibaki kukisia tarakimu. Ukiongeza sabneti kwenye kundi, kanuni zote zinazolitaja kundi hilo zinaifuata papo hapo. Ndiyo raha yake. Ndiyo hatari yake pia.

Kuna hoteli tuliyoipanga hivi: ofisi 192.168.10.0/24, wageni 192.168.11.0/24, seva na kamera mbali. Mkwaju 24, ile /24 ya mwishoni, ndio unaosema ukubwa wa sabneti: una anwani 256. Toa mbili zisizogawiwa na moja ya fayawoli, zinabaki 253. Ikaja harusi, simu zikazidi anwani, Wi-Fi ikagoma. Wangetupigia, tungewapunguzia muda wa kuazimana anwani kutoka saa 24 hadi saa mbili, maana aliyekunywa chai asubuhi akaenda zake bado alikuwa ameshikilia anwani mpaka kesho yake. Kazi ya dakika tano, na hatuitozi.

Hawakupiga. Kijana wao akafungua sabneti ya pili ya wageni, 192.168.12.0/24. Badala ya kuongeza mstari mmoja kwenye kundi la Wageni, akabadili mkwaju 24 kuwa 23, unaobeba mara mbili, pale palipoandikwa 192.168.11.0, akiamini atapata 11 na 12. Hesabu haiendi hivyo. Kwenye mkwaju 23 namba ya tatu huanzia kwenye shufwa: utapata 10 na 11, au 12 na 13. Fayawoli ikapokea bila kulalamika, na ofisi nzima ikageuka kuwa Wageni. Mapokezi wakakatwa na seva ya vyumba, wakarudi kwenye daftari. Wageni wa 12 nao hawakuwa kwenye kundi lolote, intaneti wakaikosa.

Sasa njia ya mkato yenyewe, ile tunayoikuta kila mahali: akaweka kanuni ya "ruhusu yote kwenda kokote" juu kabisa. Fayawoli husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kuishia kwenye ya kwanza inayolingana, kwa hiyo zetu zote chini yake zikawa mapambo. Kila kitu kikafanya kazi, kijana akapongezwa. Miezi minane baadaye mgeni akatoa simu yake, akamwonyesha meneja picha ya moja kwa moja ya kamera ya maegesho.

Kuifuta kanuni ile ni mbofyo mmoja. Lakini katika miezi minane vitu vingi vilikuwa vimeizoea: mashine ya baa, kompyuta ya mhasibu, printa mbili mpya. Ilitubidi tufuatilie kimoja kimoja kwenye kumbukumbu za fayawoli, usiku, hoteli ikiwa imelala. Siku tatu, mara mbili ya muda wa kazi ya mwanzo. Hapo tena wakasema sisi ni ghali.

Yule mteja wa mwezi uliopita tumempelekea karatasi ya ukurasa mmoja: kila sabneti, kundi lake, kila kanuni na sababu ya kuwepo. Tangu sasa itaambatana na kila ankara yetu. Punguzo hatukumpa.