Kikao cha Jumamosi: nyuzi na shingo

Ndugu wanakikundi, salaam.

Jumamosi tutazungumzia nyuzi na shingo za gitaa la besi pekee; mabishano ya amplifaya yasubiri. Kila mmoja aje na gitaa lake la besi likiwa na nyuzi anazopigia kila siku, ili tulinganishe kwa haki nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo, ambazo sauti yake ni kali na hukwaruza vidole, na zile za utepe bapa, ambazo mpiga besi James Jamerson wa Detroit alizipigia kwenye gitaa lake la besi la Fender Precision la mwaka 1962 bila kupenda kuzibadilisha. (Sisi wa pwani, chumvi ya hewani hutia nyuzi kutu na haitupi anasa hiyo.)

Kuhusu matengenezo, nawasihi msikimbilie tupa. Gitaa langu lilipoanza kutoa mlio wa nyuzi kugonga freti za mwanzo (vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo), fundi mmoja alizisugua bila kupima chochote, ilhali shingo ilikuwa imebinuka kwa nyuma na ilihitaji kulegezwa robo mzunguko tu wa chuma kilichomo ndani yake.

Mwenye gitaa la nyuzi 5 aniarifu mapema, kwa kuwa spika tuliyo nayo hukoroma kwenye B ya chini, noti ya ule uzi wa tano ulio mnene zaidi.