Mkia wa "had" unawaponza wanafunzi

Mhariri,

Nina stesheneri Nyegezi Kona, hapa Mwanza. Msimu wa mitihani ya ndani walimu huniletea maswali waliyoyaandika kwa mkono, nami nachapa, natoa kopi, nafunga kwenye bahasha. Majibu ya kusahihishia nayachapa pia. Kwa hiyo nayaona yote kabla ya mwanafunzi, na mdomo wangu unabaki umefungwa kama inavyotakiwa. Ila mtihani ninaousemea ulishafanyika, karatasi zimesharudishwa, na shule siitaji.

Kipengele chenyewe kilikuwa vile viswali vinavyopachikwa mwishoni mwa sentensi ya Kiingereza, ambavyo darasani vinaitwa "question tags". Mimi nitaviita mikia. Sentensi mojawapo ilikuwa hii: "The fisherman had a big canoe, ______?" Jibu nililoletewa nichape lilikuwa moja tu, "hadn't he?". Baadaye binti mmoja wa kidato cha pili alikuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, akaniwekea karatasi yake mezani. "Anko, nimeandika 'didn't he?' nimewekewa eksi. Kosa liko wapi?"

Kosa halipo. "Had" hapo ni kitenzi kikuu: mvuvi alikuwa na mtumbwi, mali yake. Waingereza wa zamani walikuwa wakimalizia na "hadn't he?", kwa hiyo mwalimu naye hakulitunga jibu lake. Lakini Kiingereza cha kawaida cha sasa, cha Uingereza na cha Marekani, kinataka "didn't he?". Habari inabadilika pale "had" inaposaidia kitenzi kingine: "The fisherman had sold his canoe". Hapo ni "hadn't he?" bila ubishi. Halafu "The fisherman had to sell his canoe" inaturudisha kwenye "didn't he?". Sentensi tatu, mvuvi yule yule, mtumbwi ule ule. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba ukiona "had" uandike "hadn't" atapata moja, atakosa moja, na ile ya kumiliki ataipata tu kama msahihishaji naye alikariri.

Watoto wanafundishwa kwamba sentensi ikikubali, mkia ukatae. Sentensi ikikataa, mkia ukubali. Ni kweli, lakini kanuni hiyo haimwambii mtoto akatae kitu gani. Kwenye "They were at Kirumba" kitu kinaonekana waziwazi, basi "weren't they?". Kwenye "Juma went to Ukerewe" hakionekani, ndiyo maana nimeshakuta kwa macho yangu "wentn't he?". Kijana anayesubiri kopi zake mimi humweleza hivi: igeuze kwanza sentensi nzima iwe swali. "Did Juma go to Ukerewe?" Hiyo "did" iliyojitokeza mbele ndiyo ya kukataliwa mkiani, "didn't he?". Ilikuwa imejificha ndani ya "went" muda wote.

Njia hiyo inafika hata pale wengi wanapokwama. "The ferry used to cross from Kigongo to Busisi", sentensi ambayo tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 haihitaji maelezo kwa mtu wa huku. Igeuze: "Did the ferry use to cross?" Mkia ni "didn't it?". (Zamani Waingereza wenyewe waliuliza bila "did". Biblia yao ya mwaka 1611, Mathayo 11:7, inasema "What went ye out into the wilderness to see?" Mtoto wa leo akiandika hivyo anakula eksi.)

Za "nobody", "never" na "hardly" sina ugomvi nazo. Zenyewe zimeshakataa, mkia unakubali: "Nobody came to the meeting, did they?"

Kinachonikera hasa ni "put". "They put the dagaa on the sand, ______?" Nimeichapa mwaka hadi mwaka. "Put" ya jana na "put" ya kila siku zinafanana herufi kwa herufi, sawa na "cut", "hit" na "shut". Bila "yesterday" au "every morning", mkia unaweza kuwa "didn't they?" na unaweza kuwa "don't they?", na wote wawili walioandika hivyo wamepata. Mtendaji akiwa mmoja, "He put the dagaa on the sand", mtoto makini ana pa kushika: ingekuwa ya kila siku ingeandikwa "puts", kwa hiyo ni wakati uliopita, "didn't he?". Swali hilo nalipenda, linapima kichwa. Lile la "they" ni bahati nasibu.

Sauti nayo hakuna anayeifundisha, kwa kuwa karatasi haisikiki. Mteja akiniambia "You printed my copies, didn't you?" sauti ikishuka mwishoni, ana hakika, anataka niitikie tu. Ikipanda, hajui, anauliza kweli.

Ombi langu kwa walimu wanaotunga ni dogo: "put" na wenzake wapewe neno la wakati, na kwenye "had" ya kumiliki majibu yote mawili yapokelewe. Mimi sibadilishi neno katika kazi ya mtu. Ila kuanzia sasa nikikuta "They put" isiyo na siku, nitampigia simu mwalimu mwenyewe kabla sijatoa kopi hata moja. Na yule binti nimemshauri aipeleke karatasi yake kwa mwalimu, kwa adabu, aidai alama yake.

Mchapaji,
Nyegezi, Mwanza