Risala ya Klabu ya Historia na Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Kikosi cha 849, Mnara Unaoruka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama siku ya leo. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu. Tumeelezwa kwamba kabla ya kustaafu ulikaa miaka mingi katika mnara wa kuongozea ndege, ukiwatazama marubani kwenye kioo cha rada na kuzungumza nao kwa redio usiku na mchana. Mada ya maonyesho yetu tumeichagua kwa kukufikiria wewe. Ni historia ya kikosi cha kijeshi kilichofanya kazi inayofanana sana na yako, isipokuwa mnara wao ulikuwa unaruka.

Kikosi hicho ni cha 849, cha ndege za Jeshi la Wanamaji la Uingereza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, safari yetu ilianzia Kunduchi. Jumamosi moja mwalimu wetu wa Jiografia alitupeleka ufukweni na darubini ya kuazima, akatuambia tuifuate ngalawa moja iliyokuwa inatoka. Tuliitazama kwa zamu. Mwanzo ilionekana yote, wavuvi wawili, matengo na tanga. Baada ya muda mrefu ubao wake ukawa haupo, tanga lipo. Mwenzetu mmoja akapiga kelele kwamba inazama. Mwalimu akatupandisha ghorofa ya tatu ya jengo lililo karibu, akampa yule yule darubini. Ngalawa ilikuwa pale pale, nzima, na mvuvi mmoja amekaa nyuma ameshika usukani. Hakuna kilichozama. Bahari ndiyo iliyopinda na kuificha, na sisi tulikuwa tumesimama chini mno.

Somo lile la ngalawa ndilo lililozaa kikosi hiki. Mawimbi ya rada huenda takriban kama macho yaendavyo: dunia ikipinda, hayafuati. Rada iliyofungwa kwenye mlingoti wa meli, mita 25 juu ya maji, huona uso wa bahari mpaka kilomita 20 na ushei. Ndege ya adui inayokuja chini chini kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa huimaliza njia hiyo kwa dakika moja na nusu hivi. Ukiipandisha rada hiyo mita 3,000 angani, upeo wake unafika zaidi ya kilomita 220, na wale walio melini wanapata robo saa. Katika robo saa unaweza kurusha ndege zako, kugeuza meli, kuwaamsha waliolala. Kwa dakika moja na nusu sijui mtu angefanya lipi kwanza.

Kikosi cha 849 hakikuzaliwa na kazi hiyo. Kiliundwa Agosti 1943 huko Quonset Point, Marekani, kikapewa ndege za Avenger za kulipua mabomu. Kikaletwa Bahari ya Hindi, na Januari 1945, kikiwa katika manowari ya kubeba ndege iitwayo Victorious, kikashiriki mashambulizi mawili makubwa ya viwanda vya kusafisha mafuta vya Palembang, kisiwani Sumatra, vilivyokuwa mikononi mwa Wajapani. Vikosi vinne vya Avenger vilikwenda Palembang: 820, 849, 854 na 857. Tunaiomba hadhira iziweke akilini namba hizo.

Kutoka Sumatra walikwenda Pasifiki, na huko walikutana na ndege za kamikaze, ambazo marubani wake walijigonga wenyewe kwenye meli. Victorious nayo ilipigwa Mei 1945. Wamarekani walikuwa tayari wanahangaika na jibu la tatizo hilo. Walichukua Avenger, ile ile ndege ya kulipua, wakaitundika rada kubwa tumboni, rada iliyoitwa APS-20. Vita viliisha kabla haijafika mstari wa mbele, lakini wazo lilibaki.

Mwaka 1952 jina la 849 likafufuliwa katika kituo cha Culdrose, Cornwall, safari hii kwa ndege za Skyraider kutoka Marekani zenye rada hiyo. Kuanzia mwaka 1960 zikaja Gannet za Waingereza wenyewe, na hapa, Mheshimiwa, tunaomba utuvumilie kidogo, kwa sababu wanaklabu wanaipenda mno ndege hii. Mfano wake wa mbao na makopo uko kwenye meza ya pili. Ina mapangaboi mawili, moja mbele ya jingine, yanayozunguka kwa kupingana, na rubani akitaka kubana mafuta anazima injini moja na kuendelea na nyingine. Chini ya tumbo ina kuba kama sufuria kubwa ya shughuli iliyofunikwa. Rubani amekaa mbele peke yake na anga lote. Nyuma yake, ndani ya bodi ya ndege, wamekaa waangalizi wawili katika chumba chembamba chenye giza, kila mmoja na kioo chake. Hao ndio kikosi chenyewe. Wanaona nukta, wanaamua kama ni mvua, ni meli au ni ndege, wanampigia redio rubani wa kivita aliye mbali na kumwambia ageukie wapi. Nembo yao ina maneno mawili ya Kilatini, Primus Video, yaani naona kwanza.

Kikosi hakikukaa pamoja. Makao makuu yalikuwa nchi kavu, na vikundi vyake, A, B, C na D, viligawiwa manowari mbalimbali. Kwa njia hiyo kilifika mpaka kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu hapa tunapita Lugalo kwa daladala kila asubuhi. Zamani kambi ile iliitwa Colito. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale, na baada ya siku chache Mwalimu Nyerere, kwa uchungu mkubwa, alilazimika kuwaomba Waingereza msaada. Manowari ya Centaur ilifika kutoka Aden, na alfajiri ya tarehe 25 helikopta zake zikawashusha makomandoo wa kikosi cha 45 kambini. Yaliyofuata tunayasoma darasani, ikiwemo kuzaliwa kwa Jeshi la Wananchi mwezi Septemba mwaka ule ule. Tusichokisoma darasani ni kwamba katika Centaur ile kilikuwemo pia kikundi A cha 849 na Gannet zake. Tumeweka alama nyekundu kwenye ramani ya pwani yetu, mbele kidogo ya Dar es Salaam.

Alama ya pili iko kusini zaidi, mkabala na Beira. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi uliofuata kwa kuona kwamba haichukui hatua. Machi 1966 Waingereza walianza doria ya kuzuia meli za mafuta zisifike Beira, ambako lilianzia bomba la kuelekea Rhodesia. Manowari za Ark Royal na Eagle zilipokezana katika Mlango wa Msumbiji, na Eagle ilikaa baharini siku 71 mfululizo. Gannet zilitafuta meli kwa rada juu ya eneo kubwa la maji, ndege nyingine zikaenda kusoma majina ya meli hizo. Tarehe 9 Aprili Umoja wa Mataifa ukapitisha Azimio namba 221 kuruhusu kuzuia kwa nguvu, na kesho yake meli ya Manuela ikageuzwa njia.

Wanaklabu walibishana wiki nzima juu ya doria hii. Ilidumu mpaka Msumbiji ilipopata uhuru, Juni 1975, na Beira ilifungwa kweli kweli. Lakini mafuta yaliendelea kuingia Rhodesia kupitia Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, na kupitia Afrika Kusini, huku malori yakikata vumbi kutoka Dar es Salaam kuipelekea Zambia mafuta yake. Maoni yetu ni kwamba waangalizi wa 849 hawana lawama. Waliona kila walichotumwa kukiona. Waliowatuma ndio waliochagua kutazama mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitatu.

Sasa tunafika sehemu iliyotugusa kuliko zote.

Desemba 1978 Ark Royal ilimaliza safari yake ya mwisho, na kwa kuwa Gannet haikuwa na manowari nyingine ya kuirusha, 849 nayo ikavunjwa. Baadhi ya rada zake zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye ndege za Shackleton za Kikosi cha 8 cha Jeshi la Anga, zilizokaa Scotland. Manowari za Uingereza zikabaki na macho ya mlingotini tu. Hakuna aliyelia, kwa sababu hakukuwa na vita.

Miaka mitatu na miezi michache baadaye vikaja vita vya Uingereza na Argentina kugombea visiwa vya Falkland. Asubuhi ya tarehe 4 Mei 1982 ndege ya doria ya Argentina aina ya Neptune iliziona meli za Waingereza kwa rada yake. Rada yenyewe, Mheshimiwa, ilikuwa ya jamii ile ile ya APS-20. Macho ambayo Waingereza waliyaweka chini yalikuwa yakiwatazama kutoka upande wa pili. Ndege mbili za Super Étendard zikaja zikikaribia kugusa mawimbi, chini ya upeo wa rada za meli, zikapanda kidogo tu kutazama, zikaachia makombora ya Exocet. Moja liliipiga Sheffield ubavuni. Mabaharia 20 walikufa, na meli ikazama siku sita baadaye ikiwa inavutwa.

Baada ya hapo yalifanyika kwa wiki 11 mambo ambayo hayakufanyika kwa miaka. Wahandisi walichukua rada ya Searchwater, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege kubwa za doria, wakaifunga ubavuni mwa helikopta ya Sea King ndani ya kuba la kitambaa linalojazwa hewa. Helikopta ikitua, kuba linakunjwa kuelekea nyuma. Ikiruka, linashushwa chini. Kwa mbali lilionekana kama mfuko umening'inia, na wanajeshi wenyewe wakaanza kujiita Watu wa Mfuko. Helikopta mbili za kwanza ziliondoka na manowari ya Illustrious Agosti 1982. Vita vilikuwa vimekwisha Juni 14. Novemba 1984 namba 849 ikarudishwa rasmi, Culdrose.

Watu wa Mfuko walifanya kazi Bosnia na Ghuba, na mwaka 2002 wakapata Sea King mpya iliyoweza kufuatilia hata magari yanayotembea nchi kavu. Mwaka 2003 wakaenda Iraq na Ark Royal, meli nyingine yenye jina lile lile. Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 22 Machi, helikopta zao mbili, moja ikitoka na nyingine ikirudi, ziligongana gizani juu ya bahari. Watu saba walikufa, sita wa Uingereza na mmoja wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Kikosi hakikuwa kikubwa, wote walijuana. Wenzao waliendelea kuruka, kwa kuwa makomandoo walikuwa wameshatua rasi ya Al Faw na walihitaji mtu wa kuwatazamia mbele. Tulipofika hapa katika maandalizi, mwenzetu aliyekuwa akisoma alinyamaza kwanza, nasi hatukumharakisha.

Mwaka 2006 vikundi A na B vilipandishwa kuwa vikosi kamili, vikapewa namba 854 na 857. Vilikwenda Afghanistan kuanzia 2009 mpaka 2014, mbali na bahari yoyote, kufuatilia magari ya magendo katika jangwa la Helmand. Sea King ya mwisho ya aina hiyo ilistaafu Septemba 2018, 849 ikafungwa Aprili 2020, na kazi ikahamia kwenye helikopta za Merlin za kikosi cha 820. Kwa hiyo namba nne za Palembang, zilizoruka pamoja kulipua viwanda mwaka 1945, zote ziliishia kwenye kazi ya kuona. Tuliligundua hilo wenyewe tukiwa tunapanga kadi mezani, na tunakiri tulishangilia mpaka mwalimu wa zamu akaja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ina changamoto zake. Darubini bado ni ya kuazima, na mwenyewe ameanza kuidai. Ramani zote unazoziona tumezichora kwa mkono kwenye karatasi za manila, na mvua ya wiki iliyopita imeharibu mbili. Hatuna projekta, hivyo wanafunzi wa nyuma hawaoni.

Tunayo maombi matatu. La kwanza, utusaidie kupata darubini ya klabu. La pili, utuombee kibali kwa wenzako wa zamani tutembelee mnara wa kuongozea ndege, hata wanafunzi kumi tu, tuone kioo cha rada kinavyofanya kazi. La tatu ni la leo hii: ukimaliza kukagua meza zetu, ukae nasi dakika chache utusimulie usiku mmoja kazini, ulipoiona nukta ambayo mwenzako hakuiona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Klabu, kwa niaba ya wanachama wote.