Meli ya Liemba ilipita Dodoma, watoto wetu waambiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme na wazazi na walimu wa Dodoma, Singida na mikoa mingine iliyo mbali na pwani. Tuwapeleke watoto kwenye makumbusho yenye habari za bahari na vyombo vyake. Na historia hiyo tusiwaachie watu wa pwani peke yao, maana na sisi wa bara tumo.

Likizo iliyopita niliwachukua wajukuu wangu, mmoja wa darasa la tano na mdogo wake wa darasa la pili, tukaenda Mombasa kwa dada yangu aliyeolewa huko. Tulipitia Tanga, tukavuka mpaka Horohoro, kisha kivuko cha Likoni. Siku ya pili tukaingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na leo ni makumbusho. Hawa ni watoto wa Chang'ombe ya hapa Dodoma. Kabla ya safari hiyo, maji mengi waliyowahi kuyaona ni Bwawa la Hombolo.

Tulikaa zaidi kwenye vitu vilivyotolewa katika meli ya Wareno, Santo António de Tanná. Ilitoka Goa kuja kuwaokoa askari waliokuwa wamezingirwa ngomeni na Waomani, ikazama mwaka 1697 hapo hapo chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980. Mbao za meli yenyewe ziliachwa chini ya maji, lakini vyombo vilipandishwa juu. Mdogo aliganda mbele ya vyombo vya kauri kutoka China, paji la uso limegusa kioo, akauliza nani alikuwa anavilia. Nikamwambia ni mabaharia na maofisa, watu waliokuwa na njaa kama yeye. Akataka kujua kama walizama nayo.

Maswali ya namna hiyo hayaji kwa kusoma daftari. Yanakuja mtoto akiachwa asimame. Nimeshuhudia misafara ya shule ikikimbizwa chumba hadi chumba ili basi lisichelewe, watoto wananakili vibao bila kutazama kilichoandikiwa kibao. Heri waone vitu vichache na wavione kweli. Wangu nusu ya asubuhi iliishia kwenye michoro ya askari wa Kireno, meli na makanisa waliyoyachora ukutani kwa mkaa na rangi nyekundu. Niliwaeleza pia mtepe, jahazi la kale la pwani yetu lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kutwekwa tanga la mkeka. Mkubwa alilielewa mara moja: kama bibi anavyoshona kibuyu kilichopasuka.

Ndipo akauliza mbona kwetu Dodoma hakuna habari za meli.

Mimi ni mstaafu wa reli, na swali hilo nina jibu lake. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli nyingine, kisha ikapandishwa treni ya Reli ya Kati kwenda Kigoma. Reli ni moja. Ilipita Kikombo, ikapita Dodoma, Bahi na Saranda, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuingia Manyoni. Meli ya mita kama 70 imepita katikati ya mji wetu ikiwa vipande vipande ndani ya mabehewa! Kigoma ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe na adui, lakini kwanza wakapaka mitambo grisi kwa nia ya kurudi kuichukua. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Wajukuu wangu hawakuwa wamelisikia hilo, na majirani niliowauliza niliporudi, watu wazima wenye watoto, nao hawakuwa wamelisikia. Inaniuma. Reli hii nimeifanyia kazi maisha yangu yote.

Kwa hiyo naomba wahusika wa reli na wa makumbusho watenge chumba kimoja katika stesheni yetu ya zamani hapa mjini. Ziwekwe picha za Liemba, ramani ya safari yake, mfano wa meli ambao mtoto anaweza kuufungua na kuuunga, na maelezo kwa Kiswahili chepesi. Wazee wa reli tupo, tutakuja kusimulia bila malipo.

Na walimu, ziara za Bungeni ni nzuri, ziendelee. Lakini tangu treni ya reli mpya ya kisasa, SGR, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, Dar es Salaam haifiki safari ya saa nne. Darasa la tano linaweza kwenda Makumbusho ya Taifa, likashuka Feri, kwenye kivuko cha Kigamboni, kutazama vyombo, likalala, kesho yake likarudi. Wazazi tuanze kuchanga mapema, tangu mwezi wa kwanza, ili asibaki mtoto kwa kukosa nauli.

Mstaafu wa reli,
Chang'ombe, Dodoma